Posa ya Gari la Kijani

Shemeji yangu alipoingia nyumbani kwetu Kagugu, Kigali, kwa mara ya kwanza alikuwa ameshika keki, na alipotoka alikuwa ameshika tairi. Keki ilikuwa ya mdogo wangu wa kike. Tairi lilikuwa langu, jeusi, upana wa mdomo wa kikombe cha chai, na wala hakuliiba. Alilisahau tu mkononi. Aligundua akiwa nyuma ya dereva wa pikipiki, wamesimama kwenye taa za barabarani za Sonatubes, akanipigia simu kuomba radhi kwa sauti ya mtu aliyeondoka na kiatu cha mwenyeji wake.

Wakati huo hakuwa shemeji bado. Alikuwa "rafiki," neno ambalo mdogo wangu alilitamka akiwa ameangalia dirishani. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunaishi pamoja. Tumekulia Karagwe, upande wa Tanzania, tukarudi Rwanda tukiwa watu wazima, na wazazi wetu wakahamia Kayonza kufuga ng'ombe. Yeye ni mfamasia katika duka la dawa huko Sonatubes. Mimi nachora nyumba katika ofisi moja Kiyovu, na ni ofisi hiyo iliyoniletea mashine.

Ilikuwa printa, lakini si ya karatasi. Ile inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga chini, mstari juu ya mstari, mpaka kitu kinasimama chenyewe. Ofisini tulikuwa tukiitumia kutengeneza vijumba vya kuwaonyesha wateja, kwa sababu mteja hasomi mchoro, ila ukimpa kijumba akishike atakuambia papo hapo kwamba jiko ni dogo. Iliponunuliwa mpya, ya zamani nikapewa mimi. Hakuna mwingine aliyeitaka, maana ilikuwa inalia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Nilijua siku hiyohiyo nitaitengenezea nini. Kuna gari moja la michezo la Kijerumani ambalo kila mtu analijua hata kama hajui kuendesha: taa za mbele za mviringo, mgongo unaoteremka taratibu kama mtu anayekaa kwenye kiti, na injini nyuma mahali ambapo magari mengine huweka mizigo. Niliwahi kuliona moja kwa macho, limeegeshwa mbele ya hoteli Kiyovu wakati wa chakula cha mchana. Nililizunguka. Nikalizunguka tena. Mlinzi akaja akaniuliza kwa upole kama nimepoteza kitu. Nikamwambia sijapoteza, naangalia tu. Akasema, "Basi angalia ukiwa umesimama, mzee, unanitia kizunguzungu."

Nikaamua nitakuwa nalo langu, moja ya nane ya lile la kweli. Michoro niliipata kwenye mtandao kutoka kwa mtu wa mbali ambaye bila shaka hana mke wala bustani, kwa jinsi alivyochora kila kitu. Milango ilikuwa inafunguka. Usukani ukigeuzwa, magurudumu ya mbele yanageuka. Injini ilikuwa na feni yake, na feni ilikuwa na mkanda wake, na mkanda ulikuwa mwembamba kama utambi.

Sasa turudi kwa keki. Mgeni alikaa kwenye kochi, magoti pamoja, kama watu wanavyokaa wanapojua wanapimwa. Mdogo wangu akaenda jikoni kuchukua sahani. Pembeni mashine ikawa inalia.

"Hiyo iko inafanya nini?" akaniuliza. Alikulia Kampala, na Kiswahili chake kilikuwa kimejifunza kutembea peke yake.

"Inatengeneza mlango."

"Mlango ya nini?"

Nikamwonyesha picha. Akasimama bila kujijua. Akaniambia kazi yake ni ya bima: gari likigongwa yeye ndiye anayetumwa kwenda kulikagua, kulipiga picha na kuandika lilivyoumia. "Mimi najua gari ikiwa imekwisha gongwa tu," akasema. "Miaka yote naangalia bonet iliyokunjika. Sijawahi ona moja ikitoka upande huu ingine." Akachutama mbele ya mashine. Nami, kwa kuwa ni vigumu kumwacha mgeni achutame peke yake, nikachutama pia.

Mdogo wangu alirudi na sahani tatu, akakuta migongo miwili imemgeukia. Aliniambia baadaye kwamba siku hiyo alifurahi. Alikuwa akiogopa kwamba hatutapatana.

Tulipatana kupita kiasi. Akawa anakuja kila Jumamosi, na zile Jumamosi za umuganda, siku ya usafi wa pamoja, tukishamaliza kufyeka na kuzibua mitaro kila mtu kwao, alikuja na buti zake za matope moja kwa moja. Alikuwa akimsalimia mdogo wangu vizuri, akimuuliza habari za kazi, akisikiliza majibu yote mpaka mwisho, na kisha macho yake yanaanza kuteleza kuelekea pembeni. Siku moja walipanga kwenda kutembea, akasema apige msasa kidogo kwanza, kwa sababu plastiki ikitoka kwenye mashine ina mistari kama kidole, na bila kuipiga msasa rangi haikai. Alipiga msasa madigadi ya gurudumu la kulia mpaka jua likaingia nyuma ya kilima, na mdogo wangu akaenda kutembea na jirani.

Aliporudi akanivuta jikoni.

"Kaka, naomba unijibu kweli. Huyu anakuja kwangu au kwa printa?"

"Kwako, bila shaka."

"Ananipigia simu kuniuliza kama umeme upo."

"Labda anakujali."

"Ananiuliza kama umeme upo, nikimwambia upo anasema asante, anakata."

Nilimwahidi nitamwambia apunguze. Nilikusudia kabisa kumwambia, ila Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunaunganisha injini na mtu hawezi kuanzisha mazungumzo ya aina hiyo akiwa ameshikilia feni kwa koleo ndogo ya kung'olea nyusi. Koleo yenyewe tulikuwa tumeiazima kwa mdogo wangu. Sindano zisizo na ncha tulizotumia kudondoshea gundi pia zilitoka kwake. Nasema "tuliazima" kwa maana pana.

Mambo hayakwenda laini siku zote. Kipande kikibanduka kwenye meza ya mashine katikati ya kazi, mashine haijui; inaendelea kumwaga uzi hewani kwa bidii ileile, na wewe unarudi kutoka kazini unakuta sahani ya tambi za plastiki. Paa la gari lilikuwa tambi mara tatu. Shemeji alipoona tambi za tatu akatoa simu akazipiga picha, mbele, nyuma na pembeni, akasema kwa sauti ya kiofisi, "Hii hatuwezi tengeneza. Tunalipa mwenye gari." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kosa lilikuwa unyevu. Ilikuwa majira ya mvua, na uzi ule unakunywa maji hewani kama kitambaa. Lazima ukaushwe kwenye joto dogo. Nyumbani joto dogo lilikuwa sehemu moja tu, tanuri la mdogo wangu, ambalo alilinunua kwa ajili ya keki na hakuruhusu hata nyama kuingia humo. Tuliweka uzi. Tulitoa uzi. Tulisafisha. Tulidhani hatukuacha alama. Jumapili akaoka keki ya ndizi, akatupa kipande kimoja kimoja, akakaa mbele yetu na mikono kifuani.

"Ina ladha ya nini?" akauliza.

"Ndizi," nikasema.

"Iko tamu sana," akasema shemeji, akitafuna kwa shida.

"Ina ladha ya beseni," akasema mdogo wangu. "Kuleni yote."

Tukala yote.

Lakini shati ndilo lililotufikisha pabaya. Viti vya gari lile, kwa wanaolijua, vilishonwa kitambaa cha vidoadoa vya mraba, vyeusi na vyeupe, vidogo sana. Tulitafuta kitambaa hicho masokoni na kila tulichopata miraba yake ilikuwa mikubwa. Kwa gari la ukubwa wetu kingeonekana kama ubao wa drafti umewekwa ndani ya gari. Kisha Jumamosi moja shemeji akaja na kitambaa sawasawa kabisa, mraba mdogo kama punje ya mchele. Nilimuuliza amekipata wapi. Akasema, "Kiko tu." Mtu akikujibu hivyo na wewe unakitaka kitambaa, huulizi mara ya pili. Tukavalisha viti viwili vya mbele na kile kiti cha nyuma ambacho hata katika gari la kweli hakuna binadamu anayeenea.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani sote watatu. Shemeji alivaa koti na shati ambalo mdogo wangu alimpa kama zawadi ya kuzaliwa. Wakati wa nyimbo za sifa kukawa na joto, akavua koti. Wakati wa wimbo wa pili akainua mikono juu, na shati likachomoka kwenye suruali. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu akamgusa mdogo wangu begani, akanong'ona, "Mwenzio ameungua na pasi?"

Nyuma ya shati, pale chini panapoingia ndani ya suruali, palikuwa na dirisha la mraba, limekatwa kwa mkasi vizuri sana, na fulana nyeupe ikichungulia.

Tulipofika nyumbani mdogo wangu alikwenda moja kwa moja kwenye kabati tulilowekea gari, akafungua mlango mdogo wa gari kwa kucha, akainama akaangalia viti. Aliviangalia muda mrefu.

"Nilikata pale haionekani," akasema shemeji.

"Imeonekana na kanisa zima."

"Ni kwa sababu nilimsifu Mungu kwa nguvu."

Nilidhani yameisha, ya shati na ya uchumba pia. Mdogo wangu ni mtu wa vipimo. Kazini kwake akikosea tone moja mtu anaumia, na hapendi wanaokata vitu kwa kukisia. Alifunga kile kimlango kidogo, taratibu, mpaka kikatoa sauti yake ya *tik*. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mshono wa kiti cha kushoto umekaa upande." Akaenda chumbani kwake akafunga mlango, na nyuma ya mlango tukasikia kitu ambacho mimi nasema kilikuwa kicheko na yeye mpaka leo anasema alikuwa anakohoa.

Baada ya hapo akaanza kupita karibu nasi polepole zaidi. Siku ya kuchagua rangi tulikuwa tunabishana. Shemeji alitaka nyekundu. Mimi nilitaka rangi ya fedha. Mdogo wangu akaingia na chupa ya chai, akasikiliza, akasema, "Hizo ni rangi za wanaume ambao hawajafikiri. Kijani."

"Kijani gani?" nikauliza.

"Ya majani ya chai yakiwa bado shambani. Si ile ya bendera, si ile ya chura. Ya chai."

Tulimcheka kidogo. Kisha nikachanganya, nikapuliza kwenye kipande kilichoharibika, tukakiweka dirishani, na hakuna aliyecheka tena. Tulipaka gari uani, chini ya chandarua tulichokitundika kwenye kamba ya nguo ili vumbi la pikipiki lisishike kwenye rangi mbichi. Majirani walipita wakatusalimu, watu wazima wawili ndani ya chandarua adhuhuri, na mdogo wangu akawajibu kwa niaba yetu kwamba tunaendelea vizuri na madaktari wana matumaini.

Siku chache baadaye shemeji akaniambia familia yake ingependa kuja kuonana na yetu. Alinieleza akiwa amesimama wima, hakugusa kitu chochote mezani, ndiyo nikajua ni jambo la kweli. Nilimkumbatia. Kisha nikamuuliza kama amemwambia mdogo wangu mwenyewe. "Yeye ndiye ameniambia," akasema. "Alisema niamue kabla gari haijaisha, kwa sababu ikiisha atakosa kujua kama namtaka yeye ama natafuta tu sababu ingine ya kuja kwa printa."

Kwetu huwezi kumchukua binti bila gusaba, ile siku ambayo upande wa kijana unakuja kumwomba mbele ya watu. Wenyeji wanakaa chini ya hema moja, wageni hema la kuelekeana, na kila upande una msemaji wake, mzee mwenye ulimi. Kazi ya msemaji wa wenyeji ni kuwazungusha wageni: binti hayupo, binti amekwenda masomoni, binti mnayemtaka ni yupi kwani sisi tunao wengi. Kazi ya msemaji wa wageni ni kutochoka. Mwisho kila mtu anajua binti atatolewa, ila raha yote iko katika kuzungushwa.

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo, ndugu wa baba yangu, mtu mrefu mwembamba ambaye hata akikuomba chumvi mezani anaiomba kwa utangulizi. Alifika Kigali siku kadhaa kabla, akafikia kwetu Kagugu. Gari lilikuwa limekamilika, ukiacha kioo cha kulia ambacho tulikuwa bado tunakibandika upya, limekaa juu ya kabati, limepigwa vanishi, taa zake zimewekwa vioo nilivyovikata kutoka kwenye kifuniko cha peremende. Baba mdogo alilitazama sana. Akauliza kama linastahimili jua. Akauliza kama ni zito. Alilipima kwa fimbo yake. Nilifurahi mno kwamba mzee kama yule anathamini kazi ya mikono, nikamweleza habari za feni na mkanda kwa kirefu. Mdogo wangu alikuwa amekaa hapo anachambua mchele, hakuinua kichwa.

Asubuhi ya sherehe nikaamka, kabati liko tupu.

Nilitafuta chini ya meza. Nilitafuta uani. Nikaenda kugonga mlango wa chumba ambamo shangazi na binamu walikuwa wanamvalisha bibi harusi.

"Gari langu halipo!"

"Kaka," sauti ikajibu kutoka ndani, tulivu kabisa, "leo ni siku yangu."

Nikaona aibu, nikaacha. Lakini nilikwenda kwenye sherehe, katika bustani moja upande wa Kicukiro, nikiwa nimevaa suti nzuri na roho imekunjamana. Niliwaangalia wahudumu wote kama wezi.

Wageni wakafika kwa mstari, wamependeza, shemeji katikati yao, ametoa jasho puani. Msemaji wao, mzee mfupi mwenye kofia, akaanza vizuri: wamekuja kuomba undugu, wana kijana, wamesikia hapa kuna binti. Baba mdogo akaamka taratibu, akapanga mgolole wake begani.

"Kijana wenu tunamfahamu," akasema. "Amekuwa akija nyumbani kwetu Kagugu. Tukasema, huyu anamtaka binti. Lakini sisi ni watu makini, tukauliza majirani. Majirani wakasema, kweli, huyo kijana tumemwona akiwa amepiga magoti. Tukauliza, mbele ya binti? Wakasema hapana."

Upande wetu ukaanza kucheka. Mimi nikaanza kuangalia nyuma ya hema.

"Tukauliza tena, je, alivaa zawadi aliyopewa na binti? Wakasema aliivaa, lakini alimkatia mwingine kipande." Baba mdogo akangoja vicheko vitulie. "Ndugu zetu, sisi hatupendi kumnyima mtu anachokitaka. Tumemleta yule aliyekuwa anamfuata. Kama ndiye, mchukueni, na binti yetu abaki nyumbani kwa amani."

Akapiga fimbo chini. Binamu zangu wanne, wote wamevaa umushanana, kitambaa kimefungwa begani, wakatokea nyuma ya hema kwa mwendo wa madaha, wamebeba sinia la mbao. Juu yake kulikuwa na kitu kimefunikwa shela kama mwari. Wakaliweka kwenye meza katikati ya uwanja. Baba mdogo akaivuta shela.

Gari langu likang'aa juani, kijani cha chai, milango miwili wazi.

Watu wakapiga ukelele wa furaha. Na hapo shemeji yangu, ambaye alishafundishwa kwa wiki nzima kwamba bwana harusi siku hiyo hasemi neno, hainuki, haonyeshi meno, akaruka kutoka kwenye kiti chake.

"Usiguse kioo ya kulia!" akapaza sauti. "Gundi yake haijakauka!"

Mahema yote mawili yakaangua kicheko. Nilimwona baba yangu, ambaye hacheki mbele za watu, amefunika uso wote kwa kofia na mabega yanatikisika. Mama mmoja wa upande wa wageni akalazimika kutolewa nje kwenda kupumua. Baba mdogo alinyoosha mkono tu kumwelekea shemeji, kama wakili aliyemaliza kesi, akakaa.

Ilikuwa zamu ya mzee mwenye kofia, msemaji wa wageni. Alingoja mpaka kelele zikaisha zenyewe. Akainama akanong'onezana na wenzake. Kisha akamwita mtu waliyekuja naye kwa kazi nyingine kabisa, msifu ng'ombe, ambaye kwa kawaida anatoka mwishoni, mahari ikishatolewa, kuwataja ng'ombe kwa uzuri wao. Alikuja na fimbo yake ndefu na mikono imeenda juu kama pembe. Akalizunguka gari mara moja, akiliangalia kwa jicho la mfugaji. Akafungua kinywa.

Siwezi kuyarudia kama alivyoyasema kwa Kinyarwanda, kwa sababu maneno yalikuwa yanakimbia na yanaruka. Ila alisema huyu hana pembe na bado hakuna anayesimama mbele yake. Alisema macho yake ni duara kama ya ndama aliyeona mvua ya kwanza. Alisema wengine hubeba nguvu zao kifuani na kujigamba, huyu kaziweka nyuma, kwa adabu, kama mwenye kiwele kizito. Alisema amelala juani na vumbi limemwogopa. Alipofika kwenye viti akasema ndani ya tumbo lake amevaa shati la bwana harusi, kwa hiyo ni nani atakayesema si wa kwao?

Kila mstari watu waliitikia. Mimi pia niliitikia. Nilikuwa nimesahau kwamba nimekasirika. Kazi yangu yote, mistari yote niliyoisugua, mtu mmoja ameiona kwa mzunguko mmoja.

Mzee mwenye kofia akainuka tena. "Tumempokea," akasema. "Mmempa kijana wetu gari hili mbele ya watu, nalo limetajwa kwa sifa za ng'ombe mbele ya watu. Cha namna hiyo hakirudi. Sasa tunaomba na binti, maana mnyama wa aina hii, nani atamtunza?"

Baba mdogo alikuwa ameandaa mzaha; hakuwa ameandaa kupokelewa. Akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona hana utangulizi. Nikamgeukia baba.

"Limekwenda," akasema baba kwa sauti ndogo, akijifuta machozi.

"Baba, ni langu. Nimelitengeneza zaidi ya mwaka."

"Ndiyo. Na limekwenda."

Kisha ng'ombe wa kweli wakatajwa na kukubaliwa, na mdogo wangu akatolewa. Alipopita mbele yangu kwenda kukaa karibu na mumewe mtarajiwa niliona kwamba hata yeye ameshtuka. Alikuwa amepanga na baba mdogo kulipiza kisasi cha shati, si kuninyang'anya gari. Aliniangalia kwa macho ya kuomba radhi, na wakati uleule mdomo wake ukizuia kicheko, na sijawahi kumpenda ndugu yangu kama nilivyompenda dakika ile.

Wakaoana. Gari likahamia Kicukiro, likawekwa sebuleni kwao, mbali na dirisha. Mimi nikabaki na kabati tupu. Wiki za kwanza nilijiambia ninalikosa gari. Nilirudi kutoka kazini, nikawasha taa, nikatazama pale lilipokuwa. Kisha siku moja nikatengeneza chai ya watu wawili kwa mazoea, nikakaa naye huyo wa pili ambaye hayupo, na nikaacha kujidanganya kuhusu kabati.

Aliyetuokoa alikuwa baba. Alipiga simu kutoka Kayonza, akanisalimia, akaulizia mvua, akauliza, "Na yule ameshazaa?"

"Nani, baba?"

"Yule wa kijani. Si ametajwa ng'ombe? Ng'ombe akitolewa hivyo, akizaa, ndama anarudi kwa aliyemtoa. Mwambie mkwe wetu tunasubiri."

Nilidhani anatania, na bila shaka alikuwa anatania, lakini shemeji alilipokea suala hilo kwa uzito wote. Aliniambia desturi ni desturi. Tatizo ni kwamba hana mashine, kwa hiyo ndama atabidi azaliwe Kagugu. Angeweza kuja Jumamosi?

Sasa wanakuja wote wawili. Ndama ni gari lilelile kwa moja ya ishirini na nne, urefu wa kiganja, na vipande vyake ni vidogo kiasi kwamba vidole vya wanaume vimestaafishwa. Anayefanya kazi ni mdogo wangu. Anavaa miwani yake ya kazini, anashika kioo cha mlango kwa ile koleo, anazuia pumzi, na sisi tumekatazwa kusema wala kutikisa meza. Akimaliza kipande anapumua na kutuambia tumekosea wapi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunachapa boneti ya ndama. Mvua ilikuwa inanyesha mchana wote, umeme ukakatika, na mashine ikanyamaza katikati ya kilio chake. Shemeji akainuka mara moja kwenda kuikagua, simu tayari mkononi kupiga picha ya ajali. Mdogo wangu alikuwa anamimina chai. Akanyoosha mkono, akamshika ukosi wa shati, shati zima lisilo na dirisha, akamrudisha kwenye kochi.

"Kaa kwanza," akasema. "Chai inapoa."

Akakaa. Tukainywa tukisikiliza mvua juu ya bati.